Hisabati kwa Redio ya Zahanati

Mwalimu Mumbe Kisilu alivunjika mguu siku ya Jumapili, wiki tatu kabla ya wanafunzi wake kufanya mtihani wa darasa la nane. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1997, mwaka wa mvua za El Nino. Kijito kilichotenganisha nyumba yake na Shule ya Msingi ya Mwazuma, huko bara ya Kinango, kilikuwa kimekauka kwa muda mrefu hata watoto walikifanya njia. Siku hiyo kilijaa hadi kwenye miiba. Alipojaribu kupita ukingoni, udongo ulimponyoka, akauangukia mguu wake wa kushoto, na mfupa wa muundi ukalia.

Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani. Aliyeshika tendegu la mbele alikuwa Mzee Nzai, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Gari la misheni lililomchukua ndilo lililokuwa la mwisho kupita. Kesho yake daraja lilikwenda na maji.

Walimlaza katika kliniki ya misheni karibu na barabara kuu ya Msambweni, wakamtia plasta kuanzia vidoleni hadi pajani. Daktari alimwambia kwamba hatakanyaga chini kwa wiki nane. Mumbe hakuuliza lolote kuhusu mguu. Alihesabu siku kwa vidole. Karatasi ya hisabati ingefanywa asubuhi ya Jumanne, wiki ya pili ya Novemba, na watoto kumi na tisa walikuwa hawajasoma duara, wala mcheduara, umbo lile la mkebe, wala ujazo wa tangi.

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Wazazi wake, Wakamba, walikuja kupewa shamba kwenye makazi ya Shimba Hills kabla hajazaliwa, kwa hiyo alikua akisema Kikamba jikoni na Kiswahili cha pwani kila mahali pengine. Mwazuma alikuwa amefundisha kwa miaka tisa. Agosti ya mwaka huo, vilipotokea vijikaratasi vya kuwataka watu wenye asili ya bara, kama yeye, waondoke, walimu watatu wa shule za jirani walifungasha. Mumbe hakufungasha. Hakuna aliyemwambia abaki wala aende, ila kwa mwezi mzima kila jioni mzazi mmoja alikuja kuketi barazani kwake, akidai amepita tu.

Kwa miaka sita shule ile haikuwa imepeleka mtoto hata mmoja sekondari, na kila mwaka kilichowaangusha kilikuwa hisabati. Darasa hili alikuwa nalo tangu la tano. Aliamini kwamba hili lingevuka.

Kliniki ilikuwa na redio ya mawasiliano iliyoiunganisha na zahanati nne za misheni, na moja ya zahanati hizo ilikuwa nusu kilomita tu kutoka Mwazuma. Aliyeisimamia redio alikuwa muuguzi aitwaye Judy, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi.

"Mwalimu, ile redio ni ya wagonjwa," Judy alisema.

"Mimi si mgonjwa?"

"Wewe ni mgonjwa. Darasa lako si wagonjwa."

"Subiri uone alama zao za jaribio la Septemba."

Judy alicheka bila kutaka. Wakapatana: kila siku, saa tisa alasiri, dakika arobaini. Ikija habari ya mgonjwa kutoka zahanati yoyote, somo litakatwa hapo hapo bila ubishi.

Somo la kwanza lilikuwa Jumatano. Judy alimsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha redio, plasta ikiwa imetangulia kama boriti. Ng'ambo ya pili watoto walikuwa wamebeba ubao wao kutoka shuleni, wakaketi kwenye baraza ya zahanati. Mwalimu Sanga, kijana aliyekuwa akifundisha chekechea bila mafunzo, alishika kipaza sauti na chaki kwa pamoja. Kazi yake ilikuwa kuchora atakaloambiwa.

Redio ile haikuruhusu watu wawili kusema kwa wakati mmoja. Aliyetaka kusema alibonyeza kitufe, akimaliza alisema "ova," akakiachia. Mumbe alipokuwa akisema hakusikia chochote kutoka ng'ambo: si mguno, si daftari kufunuliwa, si yule mtoto anayevuta pumzi kwa meno akikwama. Kwa miaka tisa alikuwa akifundisha kwa kutazama nyuso. Sasa alikuwa na ukuta mweupe na sanduku la kijivu.

"Duara lina kitovu. Kutoka kitovu mpaka ukingo ni nusu kipenyo. Kutoka ukingo mpaka ukingo, ukipitia kitovuni, ni kipenyo. Mwalimu Sanga, chora. Watoto, mmeelewa? Ova."

Redio ilitoa mlio kama wa mchanga ukikaangwa, kisha zikaja sauti kumi na tisa kwa mpigo mmoja: "Tumeelewa, mwalimu! Ugua pole!"

Mumbe alijifuta macho kwa mkono wa gauni la hospitali.

Ndivyo ilivyokwenda siku hadi siku. Alhamisi tangi, Ijumaa ujazo, wiki iliyofuata pembe na uwiano. Kila alipouliza, walielewa. Alisoma maswali matano, akasubiri, akasoma majibu, wakabadilishana madaftari na kusahihishiana. Mwalimu Sanga alisoma alama: tano, tano, nne, tano. Habari zilienea, na wazazi wakawa wanakuja kusikiliza sauti ya mwalimu ikitoka kwenye sanduku. Mzee Nzai alikuwapo kila siku. Mara nyingine alichukua kipaza sauti mwenyewe.

"Mwalimu, hapa ni salama kabisa. Watoto wanashika vizuri. Wewe tuliza moyo mfupa uunge. Ova."

Baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, zikiwa zimebaki siku tano, Sanga alisoma alama za zoezi la mcheduara.

"Dama Nzai, tano. Mbodze, tano. Menza, tano…"

Mumbe aliacha kuandika. Dama, bintiye Mzee Nzai, alikuwa wa kwanza darasani. Tano yake haikumshangaza. Lakini Menza alikuwa mtoto ambaye tangu la tano hajawahi kupata zoezi lote. Alikuwa mwerevu wa kuchunga na wa kutengeneza mitego, ila alisahau hatua, kila mara hatua moja. Mumbe alimpenda kwa sababu makosa yake yalikuwa ya kweli.

"Kuna nini?" Judy aliuliza.

"Menza amepata tano."

"Si vizuri?"

Mumbe alibonyeza kitufe.

"Watoto, sikilizeni. Duara lina kipenyo cha sentimita kumi na nne. Pai ni ishirini na mbili chini ya saba. Nazidisha pai kwa kumi na nne, tena kwa kumi na nne. Napata eneo la mia sita na kumi na sita. Sawa? Ova."

"Sawa, mwalimu!"

Hakuna hata mmoja aliyesita. Mumbe alimtazama Judy, lakini Judy hakujua kilichotokea. Mwalimu alikuwa amekosea kwa makusudi, akazidisha kwa kipenyo badala ya nusu yake, na watoto kumi na tisa walikuwa wamepitisha.

"Jana," alisema polepole, "kwa duara hilo hilo nilisema eneo ni mia moja hamsini na nne. Nanyi mlisema sawa. Jibu la kweli ni lipi? Ova."

Mchanga ulikaangwa redioni. Mwishowe ikaja sauti nzito ya Mzee Nzai.

"Yote mawili, mwalimu. Yote ni sawa. Wewe pumzika. Ova."

Judy aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Mumbe hakucheka.

"Mzee Nzai, shikamoo. Ova."

"Marahaba, mwalimu. Ova."

"Ni nani aliyewaambia watoto waseme wameelewa? Ova."

Mchanga ulikaangwa tena.

"Ni mimi," Mzee Nzai alisema. "Mwalimu, wewe ni mgonjwa. Mgonjwa hapelekewi habari mbaya. Mwili unakataa kupona. Hata mke wangu alipolazwa tulimwambia mbuzi wote wazima, nao walikuwa wamekufa sita. Na wewe zaidi. Wewe wenzako waliondoka, ukabaki na sisi. Nilipokubeba nilikuona ulivyolia, na hukulilia mguu, ulililia darasa. Tukuambie nini? Kwamba unasema na sanduku wiki mbili na hakuna kinachoingia? Niliwaambia watoto: mwalimu akiuliza, jibuni vizuri. Mwalimu Sanga naye nilimwambia asome alama za kumpoza mtu moyo. Kama ni kosa, ni langu. Ova."

Mumbe alikaa na kitufe mkononi bila kukibonyeza. Alitaka kupiga kelele. Wiki mbili! Alijua pia kwamba yeye mwenyewe angemwambia mgonjwa maneno yale yale. Mama yake mzazi alipougua, yeye alimficha habari mbaya za shamba mpaka mama akafunga macho.

"Mzee," alisema hatimaye, "mimi nimevunjika mguu, sijavunjika kichwa. Jumanne hawa watoto watapewa karatasi, na karatasi haina huruma na mgonjwa. Nakuomba jambo moja. Mgeni akija nyumbani kwako, unamuuliza habari za atokako. Anasema nini? Ova."

"Anasema njema. Ova."

"Hata kama amefiwa? Ova."

"Kwanza husema njema. Halafu husema 'ila,' ndipo anapoeleza. Ova."

"Basi kwa wiki mbili mmenipa 'njema' peke yake. Nataka 'ila.' Nataka 'ila' ya kila mtoto, mmoja mmoja, mbele yako. Na wewe ndiye utakayewaruhusu. Wakikuona umekaa hapo bila kuwaruhusu, hawatasema. Ova."

Ilisikika minong'ono, kiti kikivutwa, mtu akikohoa. Mumbe aliitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na mbili.

"Dama," ilisikika sauti ya Mzee Nzai, mbali kidogo na kipaza sauti. "Njoo hapa. Mjibu mwalimu wako."

"Baba, niseme lile ulilo…"

"Sema lile lililomo kichwani mwako!"

Kipaza sauti kilikwaruza. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Dama. Habari za duara? Ova."

"Njema, mwalimu." Msichana alivuta pumzi. "Ila sijui kwa nini tunagawa kwa mbili. Siku ya kwanza Mwalimu Sanga alichora mstari mmoja tu, kutoka ukingo mpaka ukingo. Tangu siku hiyo sote tunatumia huo. Na la tangi silijui hata linapoanzia. Naomba radhi, mwalimu. Ova."

Baada ya Dama walikuja wengine, wakisukumana. "Njema, ila." "Njema, ila." Mbodze hakujua pai ilitoka wapi, alifikiri ni kipimo kama mita. Menza alisema, "Mwalimu, mimi 'njema' sina. Mimi nina 'ila' tu," na baraza zima likaangua kicheko, na Mumbe naye, huku akiandika haraka nyuma ya kadi yake ya dawa. Hata Sanga aliomba dakika yake: ule mstari aliuchora mmoja kwa sababu mkono mwingine ulikuwa na kipaza sauti, kisha akaona haya kurudia.

Ilipofika zamu ya mtoto wa kumi na sita, redio ilikoroma na sauti ya mwanamke ikaingia juu ya yote. Zahanati nyingine ya misheni. Mama mjamzito, uchungu tangu alfajiri, mto umefunga njia. Judy alikwisha kukichukua kipaza sauti kabla Mumbe hajasogea. Somo la siku hiyo likaisha hapo.

Siku ile hakula. Aliona mpango mmoja tu: kuacha pembe, kuacha uwiano, kuacha kila kitu alichodhani wamekishika, na kutumia siku zote zilizobaki kwa duara na tangi. Kama watoto wangepata hayo kwa hakika, wangepata maswali ambayo miaka yote sita yaliwaponyoka. Kama wasingeyapata, hapakuwa na kingine cha kuwaokoa.

Ijumaa alianza upya. Safari hii hakumwacha Sanga achore. Aliwaambia watoto washuke uani, wachukue kamba na vijiti viwili, wachore duara kwenye matope. Kijiti cha katikati ni kitovu. Kamba ni nusu kipenyo. "Kamba yenu imevuka kijiti cha katikati? Ova."

"Haijavuka!" Safari hii hawakujibu kwa mpigo mmoja, walipishana, wengine wakichelewa, mmoja akisema bado anafunga fundo. Mumbe alifumba macho kusikia vizuri. Lilikuwa darasa.

Lakini shida nyingine ilikuwa njiani. Redio ya zahanati iliendeshwa kwa betri iliyochajiwa na jua, na jua halikuwa limeonekana kwa siku kumi. Jumamosi, Sanga aliposema kwa dakika mbili mfululizo, sauti yake ilianza kunywea.

"Betri hula zaidi wanaposema wao," Judy alieleza. "Kusikiliza hakuli sana."

Kwa hiyo zile "ila" alizozipigania ndizo zilizokuwa zikimaliza betri. Mumbe alikaa na jambo hilo Jumapili nzima, mvua ikipiga mabati, kwa kuwa Jumapili redio haikufunguliwa ila kwa wagonjwa. Jumatatu, siku ya mwisho, alitoa amri mpya.

"Leo aliyeelewa asiseme. Hata 'ndiyo' asiseme. Atakayebonyeza kitufe ni mwenye 'ila' peke yake. Ova."

Alifundisha tangi kwa dakika ishirini, hatua kwa hatua: gawa kipenyo kwa mbili, zidisha kwa nafsi yake, zidisha kwa pai, hapo una sakafu ya tangi, sasa zidisha kwa kimo, unalijaza. Mara tatu alikatizwa na "ila," kila moja fupi, na kila mara sauti ilikuwa hafifu kuliko iliyotangulia. Kisha akawapa swali la mwisho, akawaachia dakika nne, akasoma jibu na njia yake.

"Mwenye 'ila' aseme sasa. Ova."

Aliachia kitufe. Hakuna aliyesema.

"Mwenye 'ila'? Ova."

Hata mlio wa mchanga ulibadilika, ukawa mwembamba. Judy alizungusha vifundo, akaita jina la zahanati mara tatu, akatikisa kichwa.

"Betri imekufa, mwalimu."

"Imekufa kabla ya swali au baada?"

"Siwezi kujua."

"Kwa hiyo kimya hiki…"

"Siwezi kujua," Judy alirudia, safari hii kwa upole.

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi Mumbe alikuwa ameketi wima kitandani. Alijua kwamba karatasi zilivushwa mtoni kichwani mwa askari, kwa kuwa dereva mmoja wa misheni alileta habari hiyo. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Alitazama saa mpaka muda wa karatasi ya hisabati ulipokwisha, ndipo alipokubali kunywa uji. Siku hiyo wala iliyofuata zahanati haikupatikana.

Alhamisi jua lilitoka. Saa nane mchana Judy alikuja akikimbia na kile kiti.

"Mwalimu, hujambo?" Redioni alikuwa Mzee Nzai. Hakungoja jibu. "Naanza na mabaya. Dama anasema maswali saba hakuyajua kabisa, alibahatisha. Mbodze kumi na moja. Wawili hawakumaliza karatasi. Pembe hawakuzijua, na uwiano ndio usiseme. Ova."

"Nakusikia, Mzee. Endelea. Ova."

"Tangi lilikuja. Ova."

Mumbe alishika mkono wa kiti. "Dama yupo? Anakumbuka namba? Ova."

Dama alizikumbuka zote. "Tangi, kipenyo sentimita ishirini na nane, kimo sentimita kumi. Kwenye majibu ya kuchagua, A ilikuwa elfu ishirini na nne mia sita na arobaini. B ilikuwa elfu sita mia moja na sitini. Nyingine nimezisahau, mwalimu, sikuzihitaji. Ova."

Mumbe alipiga hesabu kwa kalamu juu ya plasta ya mguu wake. Kumi na nne mara kumi na nne. Mara ishirini na mbili, gawa kwa saba. Mia sita na kumi na sita. Mara kumi. B. Na A ilikuwa imewekwa pale kwa ajili ya mtu asiyegawa kipenyo kwa mbili. Mtunzi wa mtihani aliijua njia ile ya kupotea kama vile alikuwa ameketi kwenye baraza ya zahanati.

"Waliochagua B ni wangapi? Ova."

Kulikuwa na kuhesabu, majina yakiitwa, mabishano madogo. "Kumi na sita," Dama alisema.

"Na A? Ova."

Mchanga ulikaangwa. Kisha kipaza sauti kikapokewa na mkono mwingine.

"Mimi, mwalimu," Menza alisema. "Nilisahau kugawa. Nilikumbuka nikiwa nje, nimeshatoa karatasi. Nilirudi mpaka mlangoni, askari akanifukuza. Sasa hivi nikipewa nalifanya. Ova."

"Basi lifanye," Mumbe alisema, akafungua ukurasa mpya wa daftari. "Kipenyo ishirini na moja, kimo nane. Nasubiri. Ova."

Judy aliitazama saa, akatazama redio, akaketi.